Ukarimu Wenye Fimbo

Iwapo binadamu ameumbwa mwema au mchoyo ni suala kongwe, na kila kizazi hulizua upya kana kwamba ndicho cha kwanza kulitafakari. Wapo wanaoshikilia kwamba chini ya kila tendo jema mna faida iliyofichwa, na kwamba ukichimba kwa bidii hukosi kuifikia. Wapo nao wanaoamini kuwa mtu huzaliwa na huruma, kisha ulimwengu ukamfunza choyo. Nimezisikiliza kambi hizi mbili kwa muda mrefu, na nimeanza kushuku kwamba zote zinapima kwa kibaba kimoja chenye kasoro. Zinahesabu kile ambacho mtu anampa mwenzake, basi. Hazihesabu mambo mengine ambayo mtu huyo huyo yuko tayari kuyagharamia.

Nitaanzia Nyanchwa. Hiki ni kilima kilicho ubavuni mwa mji wa Kisii, ambapo Waadventista wa Sabato waliweka misheni kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jumapili moja niliwakuta watu hapo wakichangia bili ya hospitali ya mama mmoja mjane. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameshika daftari, akiandika majina na kiasi. Kijana mwendeshaji wa bodaboda alitoa shilingi mia mbili, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mwalimu, liandike jina langu vizuri. Sisi sote hapa tunalipia tu mazishi yetu mapema."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimtazama juu ya miwani yake akamwuliza, "Na yule aliyetoa elfu moja asubuhi akakataa jina lake liandikwe, yeye, mura, analipia nini?"

Kijana akajibu kwamba huyo analipia usingizi wake. Nadhani alijibu vyema, na hapo ndipo penye utata wote. Kwa sababu hoja ya kijana yule ina ukoo mrefu. Thomas Hobbes, Mwingereza aliyechapisha Leviathan mwaka 1651, alifahamika kwa dhana yake kwamba pasipo mamlaka ya kuwatisha, watu wangeishi katika vita vya kila mmoja dhidi ya kila mmoja. John Aubrey, aliyemjua na kuandika habari zake, anasimulia kuwa siku moja jijini London Hobbes alimpa sadaka mzee fukara. Kasisi aliyekuwapo akamwuliza kama angetoa lau si amri ya Kristo. Hobbes akajibu kwamba angetoa, maana hali ya yule mzee ilimuumiza yeye mwenyewe, na sadaka ile ilimtuliza mzee na kumtuliza yeye pia. Mwendesha bodaboda wa Nyanchwa hakumsoma Hobbes, ila wangeelewana.

Jibu la hoja hii lilipatikana zamani. Mhubiri Joseph Butler, katika hotuba alizozichapisha mwaka 1726, alionyesha kwamba wanaosema hivi huanzia mwisho. Ili sadaka ikupe utulivu, sharti kwanza uwe umeumizwa na taabu ya mwenzio. Asiyejali hapati nafuu yoyote kwa kutoa. Kwa hiyo utulivu wa mtoaji ni ushahidi kwamba alijali, wala haukanushi. Nami naona hapo Butler alimaliza kazi, ijapokuwa watu wanaendelea kubishana kana kwamba hakuwahi kuzaliwa.

Wachina walikuwa wamekwisha kugawanyika juu ya jambo hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mencius alisema kuwa mtu yeyote akimwona mtoto akikaribia kutumbukia kisimani hushtuka moyoni kabla hajapiga hesabu ya sifa wala malipo. Xunzi, aliyemfuata, akasema maumbile ya mtu ni mabaya na wema ni kazi ya mafunzo. Siwapiti hivi kwa dharau. Ni kwamba wote wawili walitegemea fikra na mifano, na kwa mfano uliochaguliwa vizuri unaweza kuthibitisha lolote.

Wanabayolojia walipoingia ulingoni, mizani ilionekana kuelemea upande wa choyo. W. D. Hamilton alionyesha kihesabu mwaka 1964 jinsi tabia ya kujinyima kwa ajili ya ndugu wa damu inavyoweza kuenea, kwa vile ndugu hao hubeba jeni zile zile. Robert Trivers mwaka 1971 akaeleza msaada baina ya wasio ndugu kuwa ni mkopo unaotarajiwa kurudi siku nyingine. Kisha mwaka 1976 Richard Dawkins, aliyezaliwa hapa kwetu Nairobi mwaka 1941, akaziandikia dhana kama hizo kitabu maarufu chenye neno la uchoyo katika jina lake. Wengi walilisoma jina wakaliacha yaliyomo. Dawkins alizungumzia jeni. Hakusema kwamba shangazi anayemlipia karo mtoto wa kaka yake anajifanya tu kumpenda.

Hata hivyo tukubali kwamba shangazi tumekwisha kumweleza, na kijana wa bodaboda anayelipia mazishi yake mapema tumemweleza pia. Tunabakia na swali la yule aliyekataa kuandikwa jina. Na zaidi ya huyo, tunabakia na mtu wa tatu, ambaye si mtoaji wala mpokeaji, na ambaye kambi zote mbili zimemsahau.

Huyu wa tatu ndiye aliyechunguzwa Kisii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la wanaanthropolojia na wanauchumi, likiongozwa na Joseph Henrich, lilizuru jamii 15 katika mabara matano likicheza nazo michezo ya pesa. Waliohusishwa walikuwa watu wazima 1,762. Walikuwamo wawindaji wa Kihadza wa Tanzania, Watsimane wa Bolivia, na kutoka Kenya walikuwamo Wasamburu, Wamaragoli na Wagusii. Aliyefanya kazi kwa Wagusii alikuwa msomi Mkenya, Edwins Laban Moogi Gwako. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2006.

Nauomba uvumilivu wa msomaji niueleze mchezo mmoja, maana pasipo kuuelewa hatutafika mbali. Tuseme pesa zilizowekwa mezani ni shilingi 100. (Kwa kweli kiasi kiliwekwa karibu sawa na ujira wa siku moja wa mahali pale, ili pasiwe na wa kusema ni mchezo wa kitoto.) Mtu wa kwanza anapewa hizo 100 na kuambiwa amgawie wa pili kiasi apendacho, hata kama ni sufuri. Wa pili hana la kusema. Wa tatu anapewa shilingi 50 zake mwenyewe, na hana udugu wala uhasama na hao wawili, kwa kuwa hakuna anayemjua mwenzake ni nani. Akitaka, aweza kwenda zake na 50 zake. Ama aweza kutoa shilingi 10 katika hizo ili yule wa kwanza akatwe 30. Hizo 30 hazimwendei wa tatu, wala hazimwendei yule aliyepunjwa. Zinapotea.

Mtu mchoyo, jinsi wanavyomchora mabwana wa kambi ya kwanza, asingetoa hata senti. Atoe kwa faida gani? Hata mtu mwema wa kambi ya pili hana sababu ya kutoa, kwani shilingi 10 zake hazimsaidii mnyonge yeyote. Na bado watu walitoa. Walitofautiana mno baina ya jamii na jamii. Kwa Watsimane, mtu wa kwanza aliyemnyima mwenzake kila kitu aliadhibiwa na asilimia 28 tu ya watu wa tatu. Kwa Wagusii, waliokuwa tayari kulipa ili mchoyo huyo akatwe walikuwa zaidi ya asilimia 90.

Mkisii aliyesoma mstari huo huenda akatabasamu. Nimewaambia watu kadhaa habari hizi na kila mmoja amenijibu kwa namna yake kwamba halikuhitaji wazungu kuligundua. Lakini kuna jambo la pili katika matokeo yale ambalo ni zito kuliko la kwanza. Jamii ambazo watu wake walikuwa wepesi wa kuadhibu ndizo pia ambazo watu wake walitoa zaidi katika mchezo mwingine usio na adhabu wala mtazamaji. Yaani fimbo na mkono wa kutoa vilionekana kutembea pamoja. Hatujaambiwa kipi kilimzaa mwenzake, na mimi sitajifanya najua.

Atakuja mbishi aseme pesa zilikuwa za mgeni, na pesa za bure hazimpimi mtu. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini pesa zikishakuwa mfukoni mwako ni zako, na ujira wa siku si mchezo kwa mtu anayechuma majani chai. Isitoshe, pesa zilikuwa za mgeni katika jamii zote 15, ilhali Watsimane na Wagusii hawakufanya jambo moja. Watu hawa walikuja mezani wakiwa wamebeba kitu kutoka nyumbani kwao. Jambo kama hilo alilishuhudia Jean Ensminger alipocheza na Waorma wa Tana River mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja. Wenyewe walipoelezwa kanuni zake waliubatiza papo hapo mchezo wa harambee.

Wagusii walibeba nini? Kwa maoni yangu walibeba mambo mawili. La kwanza ni risaga. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Gusii katika miaka ya 1940, aliandika mwaka 1951 juu ya vikundi vya majirani wanaosaidiana kulima, na risaga ndicho alichokieleza. Palikuwa na egesangio, kikundi kidogo cha watu wanaolimiana mashamba kwa zamu, na palikuwa na risaga, mwito mkubwa wa ujirani ambapo mwenye shamba huwaandalia waliokuja. Mtu hakuandikiwa mkataba. Lakini asiyekwenda kwa wenzake aliliona shamba lake likimea magugu siku yake ilipofika, na aliyemwonyesha kisogo hakuwa tu yule aliyenyimwa msaada. Alikuwa kila mtu. Majirani wasiodaiwa chochote walikubali kupoteza mkono wa kazi wa mtu yule ili ajue kosa lake. Tazama vizuri msomaji utamwona hapo mtu wa tatu na shilingi zake 10.

La pili ni ufinyu wa ardhi. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, ambayo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, na hapo unazungumzia mashamba wala si maghorofa ya jiji. Ua wa huyu ndio ukuta wa yule. Mahali kama hapo mpaka ukisogezwa kwa unyayo mmoja usiku, asubuhi watu kumi wamekwisha kujua, na wasipolalama wote wataamkia kusogezewa. Utafiti wa pili wa kundi lile la Henrich, uliochapishwa mwaka 2010, uliona kuwa ukubwa wa jamii huandamana na utayari wa kuadhibu, na kwamba dini kubwa za ulimwengu, Ukristo na Uislamu, huandamana na ugawaji wa haki kwa mtu usiyemjua. Mwalimu wa Nyanchwa angeifurahia sehemu hiyo ya pili.

Kufikia hapa naonekana kana kwamba nawasifu Wagusii, na kwa kiasi fulani nawasifu. Harambee, ambayo Mzee Jomo Kenyatta aliifanya mwito wa taifa mwaka 1963, isingejenga shule hata moja kama kila kijiji hakikuwa na watu wa kuwauliza wakwepaji waziwazi kwa nini hawajatoa. Najua pia ilikogeuziwa. Wanasiasa waligundua kwamba daftari la majina ni jukwaa, hata Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikabidi iwawekee maafisa mipaka katika uchangishaji, na Julai 2024 Rais William Ruto akatangaza tena kuwapiga marufuku. Lakini hilo ni ugonjwa wa mkono wa kutoa, na tumeuandikia makala ya kutosha. Mimi naogopa zaidi ugonjwa wa fimbo.

Mei 2008, katika vijiji vya eneo la Kegogi, umati ulipita nyumba kwa nyumba na orodha ya watu walioshutumiwa kuwa ni wachawi. Watu wasiopungua 11 waliteketezwa kwa moto, wengi wao wanawake wakongwe. Oktoba 2021, katika eneo la Marani, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa na umati kwa shutuma ya namna hiyo hiyo. Ni rahisi kusema waliofanya unyama ule ni wachoyo au ni mahayawani, kisha tukalala. Ugumu ni kwamba wengi wao, ukiwauliza, wasingekuambia walitafuta chao. Wangekuambia waliondoa adui wa kijiji. Omorogi, katika imani hiyo, ndiye mchoyo wa wachoyo, mtu anayekula jamaa zake kwa siri. Yule mtu wa tatu niliyemsifu aya chache zilizopita ndiye huyu amesimama gizani na kibiriti.

Hapo ndipo wanaosema binadamu ni mwema kwa asili wanaponikera kuliko wale wa choyo. Wanadhani wakithibitisha kuwa tunawajali wenzetu hata pasipo faida, kesi imekwisha. Kumbe sehemu kubwa ya maovu makuu ya dunia imetendwa na watu walioamini wanajitolea.

Hata hivyo mchezo wa Gwako na moto wa Kegogi havifanani kama vinavyoonekana, na tofauti zake ni mbili. Mezani, mtu wa tatu aliijua hesabu yote kwa yakini. Alijua yule wa kwanza alikuwa na 100 na amempa mwenziwe sufuri. Hapakuwa na uvumi, hapakuwa na ndoto ya mtu, hapakuwa na karatasi iliyookotwa. Kijijini, aliyeadhibu hakuona chochote. Aliambiwa na aliyeambiwa.

Tofauti ya pili ndiyo ninayoitilia mkazo zaidi. Mezani, aliyeadhibu alilipa peke yake. Zile shilingi 10 zilitoka katika 50 zake, mbele ya macho yake, na hakuna aliyemchangia. Gharama hiyo ilimlazimisha kujiuliza kama ana hakika. Katika umati wa watu mia moja gharama imegawanywa mpaka ikatoweka. Hakuna aliyelipa hata senti, na hakuna aliyejiona ndiye aliyeua. Tena si siri kwamba shutuma za uchawi dhidi ya wakongwe mara nyingi hufuatana na mvutano wa mashamba. Maadam kuna anayebaki na ekari ya ajuza baada ya moto kuzimika, mtu huyo hakulipa ili kuadhibu. Alilipwa. Kujitolea kumekwisha hapo, hata kama waliomsindikiza njiani walikuwa na imani safi.

Sungusungu wa Kisii ni mfano wa safari hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Jina lenyewe lilitoka Tanzania, ambako mapema katika miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi waliunda jeshi la jadi dhidi ya wezi wa ng'ombe. Huko Kisii walianza kama majirani waliolinda usiku kwa kukosa usingizi wao wenyewe, katika maeneo ambayo polisi hawakufika au walifika kwa bei. Mtu angekuwa na moyo wa jiwe asipoona uzuri wa jambo hilo. Mwaka 2002 serikali iliwaweka katika orodha ya makundi 18 yaliyopigwa marufuku, pamoja na Mungiki na Jeshi la Mzee. Kufikia wakati huo walikuwa wakihukumu na kuua washukiwa, na mwananchi aliyewalalamikia polisi zamani alikuwa sasa anawahofu walinzi wake. Sidhani kwamba wanaume wale walibadilika maumbile. Ulinzi uliacha kuwagharimu, ukaanza kuwapa ulaji.

Kwa hiyo nikiulizwa niko kambi gani, nitasema kuwa ushahidi wa Kisii unaibomoa kambi ya choyo, ila hauipi kambi ya wema ushindi inaoutafuta. Zaidi ya Wagusii tisa kati ya kumi walikubali kupoteza chao ili asiyewahusu asimpunje mwingine asiyewahusu. Kitu hicho kipo. Hakikuletwa na serikali wala hakikununuliwa. Lakini hakijui chenyewe kielekee wapi, na kinahitaji ushahidi unaoonekana na bei inayolipwa na mtu mmoja mmoja, mambo ambayo mahakama, baraza la wazee na mzee wa kanisa mwenye msimamo huweza kuyadai, na ambayo umati hauwezi kamwe.

Nimeyafikiria sana mauaji ya Marani nikiwa na mchezo ule akilini. Nyakati zile wale wanawake wanne walipokuwa wakiburutwa, aliyekuwa akinyimwa haki alionekana bayana, na waliomnyima walionekana bayana. Kila sharti la mchezo lilikuwa limetimia. Kilichokosekana ni mtu wa tatu wa kutoka nje na kulipa. Najiuliza ni majirani wangapi siku ile walisikia kelele zile, wakajua kwamba si haki, wakakaa nyuma ya milango yao wakipima ingewagharimu kiasi gani kufungua.